Kutazama Ndani ya Gobori

Kazi iliyoandikwa kwenye mkataba wangu ilikuwa udereva. Nilifika Riyadh nikiwa na miaka thelathini na minne, baada ya karakana niliyokuwa nikifanyia kazi Nakuru kufungwa. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mzee mstaafu, mpima ardhi, aliyezunguka jangwa la nchi yake na vifaa vyake vya kupimia hadi magoti yakamshinda. Nilimwita baba, kama wafanyakazi wote wa nyumba ile. Mkewe alikuwa amefariki. Wanawe wawili wa kiume waliishi mtaa uleule, na kila Ijumaa baada ya swala walikuja kula naye.

Miezi minne ya kwanza nilimpeleka msikitini, kwa daktari wa magoti, sokoni, na kwenye shamba la rafiki yake nje ya mji. Kando ya sebule ya wageni kulikuwa na chumba kilichofungwa kwa ufunguo. Dada wa kazi, Mkenya mwenzangu kutoka Kisii, aliniambia kwamba hata yeye haruhusiwi kuingia kupangusa vumbi. "Mafi fungua," alisema, akiigiza sauti ya mzee; mafi kwa Kiarabu cha huko ni hakuna.

Asubuhi moja, gari likiwa limeshaoshwa, baba aliniita nikamkuta amesimama mbele ya mlango ule. Alizungumza nami kwa Kiingereza alichosomea ng'ambo ujanani, akichanganya na maneno ya Kiarabu ambayo alijua nimeshayashika.

"Ulisema kwenu ulikuwa fundi wa nini?"

"Wa injini, baba. Nilikuwa nachonga silinda."

"Mlijuaje silinda imekwisha?"

Nilimwambia tulianza na kidole, halafu kipimo. Silinda huliwa zaidi sehemu ya juu, pale pistoni inapogeukia, na ukipitisha kidole unakuta kingo kama kijingazi. Fundi aliyezoea hujua kwa kidole tu kama injini ile itapona kwa kuchongwa au ni chuma chakavu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa ufunguo.

Ndani kulikuwa na bunduki ukutani, ndefu na fupi, zote za zamani, zote za kujaziwa mdomoni: baruti kwanza, kisha risasi, kisha mdeki wa kuishindilia. Kwetu bunduki ya namna hiyo huitwa gobori. Mimi nilikuwa nimeyaona magobori kwenye picha za kitabu cha historia tu. Kila moja ilikuwa na karatasi yake ya kibali kwenye faili, na kulikuwa na daftari nene la jalada la kijani ambamo kila bunduki ilikuwa na ukurasa wake. Kurasa zile hazikusema mengi juu ya mbao, wala vikuku vya fedha, wala nakshi. Zilieleza hali ya tundu la mtutu.

"Watu hununua mbao na fedha," alisema. "Mimi nanunua tundu."

Alinifundisha kwa mpangilio, kama mtu aliyewahi kufundisha vijana kupima ardhi. Jambo la kwanza alilirudia kila tuliposhika bunduki, hata zile alizokaa nazo miaka mingi. Alichukua ufito wa shaba, akauingiza mdomoni mwa mtutu hadi ukagota chini, akaubana kwa kidole gumba pale ulipotokezea, akauchomoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake ilifika karibu kabisa na kitundu cha moto, pale cheche inapoingilia. "Hii haina kitu," alisema. "Ufito ukigota kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Basi unawaondoa watu mbele yake kabla hujasema neno lingine."

Baada ya ufito kilifuata kitambaa cha pamba kilicholowa mafuta mepesi, kikibana vizuri kwenye ncha. Unakisukuma polepole, na kiganja ndicho kinachofanya kazi. Tundu likiwa zima, kitambaa hushuka kwa uzito uleule toka juu hadi chini. Kikikwaruza, kuna kutu. Kikilegea ghafla kisha kikabana tena, mtutu umevimba kwa ndani mahali hapo, kwa sababu kuna mtu siku moja alifyatua kabla risasi haijashindiliwa hadi chini. Kikilegea pale mdomoni tu, mdomo umeliwa na mideki ya watu wenye haraka. Kisha unakitoa unakitazama. Weusi ni masizi ya zamani. Hudhurungi ni kutu iliyotulia. Rangi ya matofali ni kutu inayokula hadi leo.

Taa ilikuja mwisho. Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, kwenye ncha ya waya mrefu, na swichi yake upande wa pili. Unaishusha hadi chini, unaiwasha, unaweka jicho mdomoni mwa mtutu. Mara ya kwanza nilipotazama, ile mifuo, mistari iliyochongwa ndani kwa kujipinda ili risasi itoke ikizunguka, ilishuka mbele ya jicho langu ikijizungusha sawasawa, saba kwa hesabu. Nilijua mashine zetu Nakuru zisingeweza kuchonga kitu kile. Na kilichongwa kwa mkono, kabla ya babu yangu kuzaliwa.

Basi nikawa na kazi ya pili isiyo kwenye mkataba. Wafanyabiashara walipoleta bunduki nyumbani, au tulipokwenda kwenye mnada wa vitu vya kale, nilibeba mfuko wa ngozi wenye ufito, vitambaa na taa, nikasimama nyuma ya baba. Yeye ndiye aliyetazama. Mimi nilishika swichi.

Mwezi wa sita hivi tangu nifike, mfanyabiashara mmoja alileta bunduki ya kitako chembamba kilichopambwa kwa lulu ya chaza. Alikaa sebuleni akinywa kahawa. Baba alikwenda dirishani, akapima kwa ufito, akapitisha kitambaa, akashusha taa. Aliweka jicho mdomoni, akauzungusha mtutu polepole kama alivyozoea, akatazama kwa muda mrefu.

"Safi," alisema. "Mifuo bado ina kingo."

Swichi ilikuwa mkononi mwangu, nami nilikuwa sijaibonyeza.

Mfanyabiashara alikuwa akichagua tende. Nilibonyeza swichi, nikasema kwa Kiingereza, ambacho mgeni wetu hakukijua, "Baba, waya ulikuwa umelegea. Labda utazame tena."

Hakutazama tena. Alinipa bunduki. "Tazama wewe."

Nilitazama. Shubiri moja na nusu kutoka mdomoni kulikuwa na pete nyeusi iliyozunguka tundu zima. Mistari ya mwanga ilikatika pale kisha ikaendelea. Nilimwambia nilichokiona. Alirudisha bunduki kwa mwenyewe kwa heshima zote, akamwongezea kahawa, wakaulizana habari za familia hadi mgeni akaaga.

Siku ya pili, tukiwa garini tukisubiri taa za barabarani, aliuliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu jana, baba."

Alinieleza bila kuninong'oneza na bila kuomba. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha miaka miwili nyuma. La kulia liliona dirisha, lakini halikumwona aliyesimama dirishani. Ni mtoto wa jicho, alisema, daktari alishamwambia. Kaka yake mkubwa aliwahi kupasuliwa jicho zamani, akarudi nyumbani gizani, akaishi hivyo hadi kufa. Wanawe wakijua, watampeleka kupasuliwa siku ya pili yake. Kwa hiyo hawajui.

"Na sasa wewe unajua," alisema.

Taa ziliwaka kijani, nikaendesha. Nilifikiria ikama yangu, kibali cha kuishi kinachotegemea kafili, na jinsi dereva anayewaficha jambo watoto wa kafili wake asivyo na wa kumtetea likifichuka. Lakini nisingesema kweli nikisema niliogopa tu. Tangu karakana ifungwe, hakuna mtu aliyekuwa amehitaji kitu nilichokijua.

Toka siku ile nilitazama mimi, na baba akashika bunduki akijifanya kutazama. Tulikubaliana. Mbele ya watu aliweka jicho mdomoni kwanza, kisha akanipa akisema, "Na dereva wangu naye ajifunze." Watu walicheka. Mimi nilimwambia nilichokiona kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, na nyumbani niliandika kwenye daftari la kijani kile alichonitamkia.

Nilikosea mara moja, na vibaya. Mnadani Riyadh tulionyeshwa bunduki fupi ya mpanda farasi. Ufito ulifika. Kitambaa kiliteleza kwa ulaini ambao ungetosha kunishtua. Nilipowasha taa, tundu lote liling'aa kama kioo. Nilimwambia baba ni nzima kabisa, bora kuliko zote. Akaichukua. Wiki mbili baadaye, peke yake chumbani, alipitisha kitambaa kikavu. Aliniita, akanipa kitambaa nikishike. Kilikuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na kilinuka grisi.

Mwuzaji alikuwa ameshindilia grisi nzito ndani ikajaza kila kishimo, akaisugua ikatoa mng'ao. Nilichokuwa nimekiona kikimeremeta hakikuwa chuma. Baba hakunigombeza. Alinipa maji ya moto, sabuni na brashi ya shaba, na kwa siku tatu, baada ya safari za gari, nilisugua tundu lile hadi likabaki kama lilivyokuwa. Lilikuwa na vishimo kila mahali, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Andika," alisema, akanitamkia maneno. Nikaandika hali halisi ya tundu lile, na chini yake, kwa maneno yake, kwamba hukumu ya kwanza ilitolewa kabla ya kuoshwa. Hakuniambia niandike hukumu ilikuwa ya nani.

Baada ya hapo sikutazama tundu lolote ambalo sijalikausha kwanza.

Habari za gobori la Jedda zilikuja kwa simu, kutoka kwa mwalimu mmoja wa shule. Mama mkwe wake, mjane, alikuwa akihama kutoka nyumba aliyokaa tangu aolewe, mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwenda kuishi na binti yake mjini Madina. Ukutani kulikuwa na bunduki ya marehemu mumewe. Walitaka mtu atakayeithamini. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Njia nzima baba alizungumza juu ya milima aliyoipima zamani, akinionyesha kwa kidole mahali ilipo. Mara nyingi kidole kilikuwa sawa.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa na kinyozi. Chini watu wa kila taifa walikuwa wakipakia masanduku kwenye magari. Mwalimu alitufungulia. Mjane alikuwa amekaa kwenye kochi, amejifunga ushungi mweupe, miguu yake imevimba, na juu ya kichwa chake, kwenye misumari miwili, lilikuwa gobori refu lenye vikuku vya fedha. Alitukaribisha kwa Kiarabu. Mimi nilibaki karibu na mlango na mfuko wangu. Alinitazama.

"Na wewe wa wapi?" aliuliza, kwa Kiswahili.

Nilichelewa kujibu. "Kenya, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yangu alikuwa Muunguja. Alinizaa papa hapa Jedda, lakini jikoni kwake hakikusemwa kitu kingine. Hilo la ukutani mume wangu aliliita kwa jina la kwao. Mimi huliita gobori tu, kama mama."

Baba aliuliza tunazungumza nini. Nikamwambia tunasalimiana.

Mwalimu alipanda kwenye kiti akaliteremsha. Alilishika mtutu ukielekea kwenye tumbo lake mwenyewe, akacheka. "Ni tupu, usijali. Watoto wamelichezea miaka na miaka."

Nilitazama kwanza mahali pa fataki, ile kofia ndogo ya shaba inayotoa cheche. Hapakuwa na fataki. Nikaingiza ufito wa shaba. Uligota. Nikaubana kwa kidole, nikauchomoa, nikaulaza kwa nje. Ncha iliishia vidole vinne kabla ya kitundu cha moto.

Nilirudia, taratibu. Vidole vinne.

"Baba," nilisema, "kuna kitu ndani."

Yeye alinyosha mkono, nikakiweka kidole chake kwenye ncha ya ufito, kisha kwenye kitundu, akapima mwenyewe ule upungufu. Uso wake haukubadilika. Aligeuza mtutu kuelekea ukuta wa nje, akamwomba mwalimu atoke mbele.

Mjane aliniuliza mimi. "Kuna nini?"

"Limejaa, mama. Baruti na risasi bado zimo."

"Zimo tangu lini?"

"Tangu kabla halijatundikwa, nadhani."

Kisha alisema, tena kwa Kiswahili, kama mtu anayesema peke yake, "Wajukuu zangu walikuwa wakilifyatua siku za Idi. Mmoja husimama pale mlangoni, mwingine hapa."

Mwalimu alisema baruti ya zamani hivyo imeshakufa. Baba akamjibu kwamba ikiwa kavu, inawaka kama ya jana. Mwalimu alikwenda kukaa mbali, karibu na jikoni, na hakucheka tena.

Kuitoa shehena ile kulichukua zaidi ya saa moja. Tulifanyia bafuni, mtutu ukielekea ukutani muda wote. Nilimimina maji ya moto yenye sabuni mdomoni, nikaacha yalowe. Wao wakaswali alasiri, mimi nikakaa kwenye kizingiti nikisikiliza maji yakidondoka kwa kitundu, tone moja moja, meusi. Nikamimina tena. Kisha nikafunga kwenye ufito skrubu yenye ncha kali, iliyokaa chini ya mfuko kwa kazi kama hii, nikaizungusha hadi ikaingia kwenye risasi, nikavuta. Mara tatu ilichomoka tupu. Mara ya nne kitu kililegea, kikapanda nayo: risasi ya mviringo ya rangi ya kijivu, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha buluu, buluu yake bado mbichi. Nyuma yake baruti ilitoka kama uji mweusi.

Nilimpelekea mjane risasi kwenye sahani ya kikombe. Aliipima uzito mkononi, akampa mkwe wake akaitupe.

Nilisuuza tundu mara tatu, nikalikausha hadi kitambaa kikarudi cheupe. Baba alikaa kwenye kochi, mkabala na mjane. Nilipiga magoti karibu na dirisha, nikashusha taa. Sehemu ya juu ilikuwa nzuri mno. Mifuo minane, kila kingo imesimama, kama iliyochongwa juzi. Nilifuata mistari hadi chini, na hapo chini ikapotea. Pale baruti ilipolala miaka yote, chuma kililiwa. Vishimo viliingiliana hadi hapakuwa na mfuo wa kuufuata.

Nilikuwa bado nimeweka jicho niliposikia sauti yake ya taratibu.

"Mwanangu. Huyu bwana wako haoni, eti?"

Niliinua kichwa. Baba alikuwa amekaa wima, mikono juu ya fimbo, akingoja. Mwalimu hakuelewa lugha yetu.

"Mwulize mwenyewe, mama," nilisema.

"Nimeshajua. Amenywa kahawa yangu, na kila akirudisha kikombe hupapasa kwanza iliko meza." Akaelekeza kidevu kwenye gobori. "Limeharibika ndani?"

"Chini, mama. Juu ni zima."

"Basi mwambie ni zima. Walichukue liende. Mimi siwezi kulala tena chumba kimoja na kitu hicho, na Madina sitakwenda nacho."

Nilikuwa na taa mkononi, bado inawaka. Sikuwa na hasira naye. Kama ni mimi niliyelala chini ya gobori lile miaka yote, ningesema vilevile.

"Siwezi, mama. Yeye hana mtu mwingine wa kumtazamia."

Alinikazia macho, kisha akaitikia kwa kichwa. "Haya. Mwambie unavyoona."

Nikamwambia baba kila kitu kwa Kiingereza: mifuo minane, kingo, na theluthi ya chini iliyoliwa. Nilisubiri aseme halas, basi imetosha, kwa sababu kwa hali kama ile alikuwa ameshazirudisha bunduki nyingi. Aliomba ufito na kitambaa. Alikisukuma mwenyewe, macho ameyafumba, na nilijua kwa mkono wake alipofika pale chuma kilipobadilika. Alirudi juu, akashuka tena.

"Hii haikuharibiwa na mpigaji," alisema. "Imeharibiwa na kusahauliwa. Huku juu ni bora kuliko yoyote niliyonayo." Kisha, kwa Kiarabu, akamwambia mjane kwamba angefurahi kuichukua, na kwamba ataandika kwenye daftari kasoro yake na mahali ilipotoka. Mjane alimshukuru. Wakati wa kuaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea dua kwa lugha ya mama yake, nami nikasema amina, ingawa dini zetu ni mbili.

Tulilala Jedda, asubuhi tukaanza kurudi. Tulipokuwa tunapanda milima kuelekea Taif, baba aliuliza, "Yule mama alikwambia nini ulipokuwa dirishani?"

Ningeweza kusema tulikuwa tunasalimiana. Nilikuwa nimeshatumia jibu hilo.

"Aliuliza kama huoni."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia akuulize mwenyewe. Akasema ameshajua, kwa jinsi unavyorudisha kikombe."

Barabara pale ina kona nyingi, na sikuweza kumtazama. Tulipita kona tatu au nne, nyani wamekaa juu ya ukuta wa barabara wakitazama magari.

"Amekaa nami alasiri moja tu," alisema hatimaye. "Wanangu wanakula nami kila Ijumaa."

Tulifika Riyadh jioni.

Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula, aliwaambia wanawe. Nilikuwa nje nikipangusa kioo cha gari mwanawe mkubwa alipotoka.

"Ulijua?"

"Nilijua, bosi."

"Na ulimwendesha hadi Jedda, ukakaa kimya?"

Nilisema ndiyo. Hakunipiga wala hakunifukuza, lakini kwa miezi mingi baada ya hapo alitoa maagizo yake kupitia kwa dada wa kazi, hata nikiwa nimesimama palepale. Sikumlaumu.

Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza. Nilimpeleka hospitali asubuhi, na kabla hajashuka alinipa ufunguo wa chumba cha bunduki, akasema niuweke hadi atakapouomba. Niliuvaa shingoni chini ya shati siku mbili. Upasuaji ulikwenda salama. Alirudi na kinga ya plastiki juu ya jicho, amekasirishwa na chakula cha hospitali.

Daktari alimkataza kuinama wiki kadhaa. Alipoachiliwa, jambo la kwanza alilofanya ni kulichukua daftari la kijani na kuanza kukagua upya kila tundu ambalo hukumu yake ilikuwa yangu. Yalikuwa kumi na mawili. Ilituchukua asubuhi tisa. Mimi nilishika swichi, na sikuzungumza. Alitazama, akasoma mwandiko wangu, akatazama tena, akafungua ukurasa mwingine. Karakana Nakuru bosi wetu alikuwa akifika na kipimo chake kupima silinda tulizochonga sisi, na hakuna aliyeendelea na kazi hadi amalize. Ilikuwa vivyo hivyo.

Alisahihisha mahali pawili. Mtutu mmoja niliandika mifuo saba, ilikuwa sita. Mwingine niliandika mdomo umeliwa sawasawa, kumbe uliliwa zaidi upande mmoja, upande ambao mdeki ulizoea kuegemea. Gobori la Jedda tulibishana. Mimi niliandika theluthi, yeye aliona robo. Tulichukua ufito tukapima, na mpaka ulikuwa katikati ya robo na theluthi. Akaandika kwa upana wa vidole, akatia sahihi yake, mwandiko mkubwa kuliko ule wa zamani.

Nilidhani kazi yangu ya pili imeishia hapo. Wiki kadhaa nilikuwa dereva tu: msikiti, daktari, soko. Mwezi uliopita mfanyabiashara alileta bunduki nyingine, na baba akaniita na mfuko. Nilipima kwa ufito, nikapitisha kitambaa, nikakausha, nikawasha taa. Baba alitazama kwanza, kwa muda mrefu, akiuzungusha mtutu. Hakusema alichokiona. Akanipa.

Nilitazama. Nikamwambia: mifuo mizima, lakini kuna kutu nyekundu mahali pamoja, karibu na chini, ndogo, na bado inakula.

Hakuniambia kama tumeafikiana. Alimrudishia mwenyewe bunduki yake, akamshukuru kwa kuja, kisha akaniambia niwashe gari, magoti yalikuwa yanamsumbua.